Firigisi ya Zege

Revelian alikuwa na tabia ya kuuliza maswali mazito wakati mtu ana mswaki mdomoni. Asubuhi ile, kwenye korido ya nyumba waliyopanga Manzese, alimsubiri dada yake mpaka povu limjae, akaegemea ukuta, akauliza kwa sauti ya upole ambayo waliomjua walikuwa wakiiogopa.

"Da Deme, hivi zile keki zetu zimepona?"

Demetria akatema. "Zimepita."

"Sijauliza kama zimepita. Nauliza kama zimepona. Imebaki ngapi?"

"Haijabaki hata moja. Nimezivunja zote, ndiyo kazi yenyewe."

"Aah." Revelian akatikisa kichwa kama aliyepokea taarifa za msiba. "Kwa hiyo zilizopimwa zote ni marehemu. Na slabu ya Mzee Mwinshehe, ambayo leo mie naingia chini yake kung'oa mirunda, hiyo haijapimwa."

Hizo keki haziliwi. Demetria alifanya kazi kwenye maabara ndogo njia ya Wazo, na kazi yake ilikuwa kubana zege kwenye mashine mpaka lipasuke. Mafundi wakimwaga slabu, huchota zege lilelile na kujaza vibweta vya chuma. Likikauka, vile vipande vya mraba hupelekwa kwa Demetria, yeye huvibana, na vikivumilia vya kutosha anaandika kwamba slabu nayo iko sawa, mirunda inayoishikilia itolewe. Mafundi waliviita keki kwa sababu vinatoka kwenye vibweta. Revelian alisema ndiyo keki pekee Dar nzima ambayo ikiwa ngumu mpishi anapongezwa.

"Zege ni moja," Demetria alisema. "Saruji moja, mchanga mmoja, limemwagwa siku moja. Keki ikiwa imara na slabu ni imara."

"Nani kakwambia?"

"Ndivyo ilivyo."

"Hilo ni jibu la mama. Mie nauliza maabara."

Demetria akasukutua, akatema tena, akajipa muda. "Tumepima majengo mengi, Reve. Keki zikipita, slabu zinasimama."

"Hizo za nyuma. Hii je?"

"Na hii. Vitu vya aina moja vinatenda namna moja. Bila hivyo hakuna sayansi, hata maji ya chai usingejua kama leo yatachemka."

"Poa. Sasa hilo lenyewe, kwamba vitu vya aina moja vinatenda namna moja, mmelipima kwa mashine gani?"

Chuoni walimfundisha kusawazisha mashine, kuosha vibweta, kusoma mshale bila kuinamisha kichwa. Hilo la Revelian hakuna mwalimu aliyeligusa. Demetria akatafuta jibu, akaokota lililokuwa karibu.

"Siku zote imekuwa hivyo."

"Kwa hiyo shahidi wa jana ni jana mwenyewe." Revelian akapiga kofi moja, kwa furaha. "Ningekuwa hakimu ningekufunga wewe na shahidi wako."

"Kaoge twende."

"Nimeshaoga. Mie leo nimeoga kabisa, sijaacha mahali." Akacheka, akaenda kuchukua nyundo yake.

Demetria angeyaacha maneno yale pale koridoni pamoja na povu lake, maana mdogo wake alikuwa hakosi utani hata kanisani. Ila aliona kamba za buti. Revelian ni mtu anayetembeaga kamba zikiburuzika nyuma kama mikia, na leo alikuwa amezifunga fundo mbilimbili. Na kazi hiyo ni yeye Demetria aliyemtafutia. Mama yao, kule Bukoba, alikubali kijana aje mjini kwa sharti moja: dada yake amwangalie.

*

Nyumba ya Mzee Mwinshehe ilikuwa Temeke, kwenye mtaa ambao gari likiingia lazima lingine lirudi nyuma. Mzee alifanya kazi bandarini mpaka akastaafu, na kustaafu kwake kote kulikuwa kumepanda juu ya ile slabu. Chini pangekuwa na duka la kushonea la binti yake Hamida, juu vyumba vya kulala. Cherehani za Hamida zilishafika, zilikaa sebuleni kwa mama yake, kwenye nyumba waliyopanga ng'ambo ya mtaa, zimefunikwa khanga, na kila asubuhi Mzee akizipita alikuwa anaulizwa zitahamia lini.

"Shikamoo Mzee," Demetria alisalimu.

"Marahaba mwanangu. Umeniletea?"

Angeweza kutuma matokeo kwa simu, lakini Mzee Mwinshehe alikataa. Alisema karatasi haina macho. Yeye anataka aliyeiandika aje asimame mbele yake aiseme. Demetria akaitoa kwenye mkoba, akaisema. Mzee akaipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaitia mfuko wa kanzu. Akasoma dua fupi. Fundi Mbwana, mkuu wa kazi, akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote, kisha akatangaza kwamba kabla ya mirunda kutoka watu watakunywa supu.

Mke wa Mzee, Bi Somoe, alikuwa ameinjika sufuria ya kuku nje, karibu na lundo la kokoto. Vijana wote wa kazi wakasogea, isipokuwa mmoja.

"Reve, njoo ule," Demetria alimwita.

"Mie silagi kabla ya mirunda. Tumbo tupu linakimbia vizuri." Akainama, akaingia chini ya slabu kwa kujiamini kama anayeingia chumbani kwake.

Chini kule palikuwa msitu. Mirunda mirefu ya miti imesimama safu kwa safu, kila mmoja umebeba boriti juu, na chini umekalishwa kwa kabari za mbao. Kazi ya Revelian ilikuwa kuigonga kabari mpaka ilegee, mrunda ulale, aukokote nje, arudi kwa mwingine. Kazi hiyo huwa anapewa mwepesi wa miguu. Kuna sababu, na hakuna anayeitaja.

Ko. Ko. Ko. Kisha mti ukianguka, tii, na sauti ya kuukokota.

Demetria alikaa kwenye kiroba cha mchanga akiwa amegeuzia uso kule kwenye msitu. Duka la jirani lilikuwa limefungulia singeli mpaka bati linatetemeka. Alihesabu moyoni kwa maneno ya asubuhi: zilizopimwa marehemu, iliyo hai haijapimwa. Upuuzi. Zege ni zege. Ko, ko, tii. Safu ya katikati ilikuwa inapungua.

Mzee Mwinshehe akaja kukaa kwenye kiti cha plastiki karibu naye. "Mwanangu, macho yangu hayasomi vizuri. Hii karatasi inasema slabu yangu ni imara?"

"Inasema..." Demetria alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo. "Inasema keki zilikuwa imara, Mzee."

"Na slabu?"

"Slabu ni zege hilohilo."

"Kwa hiyo ndiyo."

"Ndiyo."

Alilisikia lile ndiyo likitoka, akalisikia lilivyo jepesi. Matokeo yenyewe yalikuwa mazuri. Tena mazuri mno, sasa alipoyafikiria. Keki zote zilivumilia karibu sawasawa, hakuna iliyolegea, hakuna iliyotia aibu, wakati zege la mtaani, linalochanganywa kwa chepe na watu wanaotaniana, huwa halina nidhamu hiyo. Siku alipozivunja alifurahi. Alifurahi kwa sababu ni kazi ya mdogo wake, akaandika haraka.

"Sista, shika hii." Fundi Mbwana alikuwa amesimama mbele yake na bakuli. Juu ya supu, peke yake, imeng'aa, iliogelea firigisi.

"Hapana fundi, hiyo ya Mzee."

"Ya Mzee siku zote. Leo una ugeni, ya kwako." Mbwana akamsukumia bakuli mkononi. "Sie watu wa pwani mgeni hatumpi shingo. Kwani nimeanza leo kukupa firigisi? Hata zile keki zako nilikupa firigisi."

Vijana wakacheka. Demetria naye akatabasamu, kisha tabasamu likakwama.

"Ulinipa vipi?"

"Si ulituachia vibweta ukaondoka?" Mbwana alikaa chini kwa raha, kama anayesimulia alivyomwoza binti yake. Demetria alikumbuka. Siku ya kumwaga zege aliitwa Wazo kabla ya mchana, akaviacha vibweta kwenye ngazi, akasema wajaze wakipata nafasi. "Nikasema hapana, hivi vinakwenda maabara, vitatazamwa na watu waliosoma. Havijazwi hovyo. Nikakaa mwenyewe na karai langu. Mchanga nikauchekecha. Kokoto nikachambua kama mchele wa pilau, moja moja. Saruji nikaongeza kidogo kwa heshima. Nikachanganya taratibu, nikashindilia. Nikavitia kwenye pipa kivulini, mke wangu akija hapa ananicheka, anasema umezaa tena."

"Hukuchota kwenye zege la juu."

"Lile la juu?" Mbwana alishangaa kweli. "Sista, lile lilichanganywa na hawa." Akawaonyesha vijana kwa kidevu, na vijana wakacheka zaidi. "Na jua lenyewe lilivyowaka, kule mwisho upande wa ngazi zege likawa linagoma kutembea, tukalipa ndoo za maji liteleze. Lile ndo nikuchotee wewe upeleke kwa watu? Ungeniaibisha."

Alisema kwa fahari. Hakukuwa na chembe ya hila usoni mwake. Alimpa mgeni kipande kizuri, basi.

Demetria aliweka bakuli chini, likainama, firigisi ikabingirika mchangani. Ko, ko, ko, kule chini. Safu ya katikati ilikuwa imekwisha. Sasa sauti ilitoka upande wa ngazi.

"Reve!"

Singeli ikameza jina. Akaita tena, Mbwana naye akageuka, lakini Demetria alikuwa ameshasimama, na miguu yake ilishaamua kabla kichwa hakijakaa sawa. Aliinama, akaingia chini ya slabu.

*

Ndani palikuwa na harufu ya mbao mbichi na saruji. Muziki wa nje ulisikika kama umefunikwa blanketi. Katikati palikuwa peupe, miti imelazwa, na juu yake zile mbao zimening'inia bila kitu cha kuzishika, zimegandana na zege lenyewe. Demetria alipita pale ameinamisha shingo, kana kwamba kuinama kungesaidia.

Revelian alikuwa amechuchumaa kwenye kona ya ngazi, nyundo mkononi. "Karibu chumbani," alisema. "Samahani, viti vimeondoka."

"Acha kugonga."

"Kwanza huu umeshanikatalia. Wenzake wote walitoka kistaarabu, huu naupiga unalia tu. Sikiliza."

Akanyanyua nyundo, na Demetria akamdaka kiwiko.

"Usiuguse."

Aliinama kuangalia. Kabari ilikuwa imebanwa mpaka nyuzi za mbao zimepondeka. Mrunda wenyewe ulikuwa umejikunja tumbo kidogo, kidogo sana, kama mtu aliyebebeshwa gunia na hataki kusema ni zito.

Revelian naye akautazama. "Umevimba na mvua ya juzi," alisema.

Inawezekana. Mbao hunyonya maji, huvimba, kabari hukaza. Kwa macho ilikuwa ni mrunda ulioloa. Kwa macho hayohayo ilikuwa ni slabu iliyoegemea. Hapakuwa na mashine ya kutenganisha haya mawili isipokuwa ile aliyomkatalia Revelian sasa hivi, nyundo, na jibu la nyundo lingewakuta wote wawili hapohapo.

Akamwambia kwa maneno machache: keki hazikutoka kwenye zege hili. Mbwana alizipika mbali. Kona hii ndiyo iliyopewa maji.

Revelian hakucheka. Akaiweka nyundo chini. Kisha akauliza lile swali la asubuhi kwa maneno mengine, na sasa halikuwa na mkia wa utani.

"Dada, unajua au unadhani?"

"Nadhani."

"Kwa hiyo inaweza ikawa imara tu."

"Inaweza."

"Na asubuhi ulikuwa unajua."

"Asubuhi nilikuwa nadhani vilevile, Reve. Sikuwa najua kwamba nadhani."

Juu yao kitu kilitoa sauti, tk, ndogo kama ya mtu anayevunja kidole. Vumbi jembamba likashuka kwenye mwanga na kutua begani mwa Revelian. Inawezekana ilikuwa mbao ikijinyoosha. Wote wawili hawakuuliza.

"Tunatoka," alisema Revelian.

"Tukitoka, kona hii imebaki na mti mmoja na ukuta. Katikati hakuna kitu. Ikishuka inashuka yote, na wale pale nje wamekaa chini ya ukingo na mabakuli." Demetria alishaushika mrunda mmoja kati ya iliyolala. "Tunarudisha. Mie nashika, wewe unagonga kabari."

"Wewe mtu wa karatasi."

"Nyanyua."

Wakanyanyua. Mrunda wa kwanza ulikataa kukaa, ukateleza kwenye boriti na kumkwaruza Demetria shavu. Wa pili ukasimama. Yeye akaukumbatia kwa mikono miwili, kichwa kimegusa mti, na Revelian akapiga magoti akaanza kuigonga kabari taratibu, kama anayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kila pigo lilipanda na mti likamfikia Demetria kwenye meno.

Fundi Mbwana aliinama pale pa kuingilia. "Mnarudisha mirunda? Sista, kuna nini?"

"Fundi, watoe watu ukingoni. Wote. Na Mzee."

Mbwana alitazama kona, akautazama ule mrunda wenye tumbo, na sura ikambadilika. Akatoka. Wakasikia singeli ikikatwa ghafla, viti vikiburutwa, Bi Somoe akiuliza sufuria aiache au aichukue. Mbwana akarudi. Alichukua mrunda mwingine akausimamisha kwenye safu ya katikati, akatafuta kabari kwa mguu.

Walifanya kazi watu watatu bila neno, na kwa Revelian kutokuwa na neno ilikuwa kama homa. Alipofika mti wa mwisho ndipo aliposema, huku ameshika misumari kwa midomo:

"Asubuhi nilikuwa nakutania tu, unajua."

"Najua."

"Sikutaka jibu."

"Gonga, Reve."

*

Nje jua lilikuwa kali, na watu wote wamesimama ng'ambo ya mtaa kama waliotoka msikitini kwa pamoja. Fundi Mbwana alikaa juu ya toroli lililopinduliwa. Alikuwa anatazama viganja vyake.

"Kwa hiyo sista unasema mie ni tapeli."

"Hapana fundi. Ungekuwa tapeli ningekushtukia. Umenikirimu. Kosa ni langu, niliacha vibweta nikachukulia kwamba kitakachoingia ni kile kilichopanda juu. Sikuuliza. Nilidhani halina haja ya kuulizwa."

"Sasa mtu unampaje mgeni kitu kibaya kwa makusudi?" Mbwana aliuliza, na aliuliza kweli.

Mzee Mwinshehe alikuwa ameitoa karatasi mfukoni, ameikunjua, ameishika mbali na uso.

"Binti," alisema, na Demetria alisikia kwamba lile neno mwanangu limeondoka. "Hii uliniambia niiamini. Sasa?"

"Sasa uichane, Mzee."

"Halafu utaniletea ya pili."

"Nitakuja na mashine nitoboe slabu yenyewe. Nitatoa vipande humohumo juu, sehemu mbalimbali, hasa kona ya ngazi. Hivyo ndivyo nitavivunja."

"Na kati ya tundu na tundu?"

"Hapo sitakuwa nimetoboa."

"Utajuaje pako vipi?"

Demetria alimtazama Revelian. Revelian alitazama buti zake. Alikuwa na jibu la kuchekesha, lilionekana likimpanda shingoni, akalimeza.

"Nitachukulia panafanana na jirani yake," Demetria alisema.

"Utachukulia."

"Ndiyo, Mzee. Nikitaka kupima kila mahali itabidi niivunje yote, na hapo nitakuwa najua kila kitu kuhusu nyumba ambayo huna."

Mtaani bodaboda ikasimama, dereva akanyoosha shingo kuona kuna nini, akaondoka. "Bandarini," Mzee alisema mwishowe, "walikuwa wanakuja watu wa vipimo na mashine zao. Nilidhani nyie wenzetu hamwamini, mnajua. Kuamini mmetuachia sie."

"Na sie tunaamini, Mzee. Ila tulipoamini ndipo panapotakiwa tukeshe. Mie nililala."

Mzee akaichana ile karatasi mara mbili, vipande akampa Demetria mkononi. Kisha akaingia nyumbani kwake kumwambia Hamida kuhusu cherehani.

*

Mashine ilikuja. Ilitoboa, ikatoa vipande vya mviringo mfano wa makopo ya maziwa, na Demetria akavipeleka Wazo akavivunja akiwa amesimama mbali kidogo na furaha. Vya katikati vilivumilia. Havikuwa na adabu za zile keki, kila kimoja na tabia yake, lakini vilitosha. Cha kona ya ngazi kilimeguka mapema kiasi kwamba alidhani mashine imeharibika. Akaisawazisha upya, akavunja cha pili kutoka palepale, kikafanya vilevile.

Kona ikavunjwa, nondo zikasafishwa, nguzo ikaongezwa. Siku ya kumwaga zege jipya Demetria hakwenda popote. Alisimama kwenye mstari wa watu wanaopokezana makarai, akageuka ukutani, na kila mara alipojisikia, bila kutazama, alinyoosha mkono na kusema, "Hilo." Karai lililokuwa linapita ndilo lililojaza kibweta. Mara ya kwanza lilikuwa baya, limejaa kokoto kubwa, na Mbwana akamwomba kwa uchungu alirudishe achukue linalofuata. Akakataa. Mbwana akageuzia uso pembeni kama anayeona mgeni wake akila makapi.

Keki zilipovunjwa na kupita, ziliandikwa kwenye karatasi. Mzee Mwinshehe aliisikiliza amesimama, akaiweka mfukoni bila kuikunja. Hakuuliza kama slabu ni imara.

Bi Somoe akainjika kuku. Revelian akachukua nyundo, akainama kuingia, akakuta dada yake ameshatangulia.

"Wewe unakwenda wapi?"

"Kuangalia kabari."

"Kabari zinaangaliwa na mie. Wewe kazi yako imeishia kwenye karatasi."

"Karatasi imeishia pale." Demetria alionyesha nje, kwenye mwanga. "Kuanzia hapa ni kuchukulia. Anza katikati."

Revelian akaanza katikati. Ko, ko, tii. Demetria alikuwa anaweka kiganja kwenye kila mrunda kabla haujagongwa, anasikiliza kama unabeba kitu. Mmoja ulikaza, na wote wawili waliacha kupumua. Revelian akaitemea kabari mate ya utani, akaigonga ubavuni, ikatoka. Ilikuwa imevimba na maji. Safu baada ya safu, msitu ukawa unaanguka, na mwisho ukabaki mti mmoja, kwenye kona ya ngazi.

"Wa kwako huu," alisema Revelian, na akampa nyundo.

Hakuwahi kugonga kabari. Pigo la kwanza liliangukia mchangani. La pili likaipata pembeni. La tatu kabari ikaruka, na mrunda ukasimama peke yake sekunde moja, haujabeba chochote, kisha ukainama polepole mpaka Revelian akaudaka.

Wakatazama juu. Mbao zilikuwa zimetulia. Hakuna kilichoshuka isipokuwa jasho lao.

"Imethibitika?" Revelian alinong'ona.

"Imethibitika kwamba haijaanguka sasa hivi."

"Na kesho?"

Demetria akakaa chini, palepale kwenye alama ya duara iliyoachwa na ule mrunda, akaegemeza mgongo kwenye nguzo mpya. Baada ya kumtazama, Revelian naye akakaa. Na kamba zake, Demetria aliona, zilikuwa zimefunguka.

Fundi Mbwana aliinama mlangoni na sufuria na upawa. Aliwaona walipokaa, akasita, akaingia. Akachungulia ndani ya sufuria kwa muda mrefu, akitafuta.

"Fundi, usichague," Demetria alisema.

"Sista, leo nakuomba."

"Fumba macho, uchote."

Mbwana alimtazama Revelian kuomba msaada, hakuupata. Akafumba macho kwa shida kama mtu anayemeza dawa, akazamisha upawa, akautoa, akamimina bakulini.

Ulikuwa mguu wa kuku, na kucha zake zote.

"Wewe Mbwana," Revelian alisema, "huyu mgeni umemfanyia nini."

Demetria akaupokea, akaanza kuutafuna.